Nilikuwa wa kwanza Kasulu, Tabora nimekuwa wa 41: je, akili zangu zimepungua?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 17, nasoma kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), shule ya bweni hapa Tabora. Nimetoka shule ya kata huko Kasulu, mkoa wa Kigoma. Kule nilikuwa wa kwanza tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, nikapata divisheni wani ya pointi 12. Hapa, mtihani wa kwanza tu nimekuwa wa 41 kati ya 52. Fizikia nimepata 45, wakaniandikia E. Sijawahi kuona E maishani mwangu. Anayeongoza darasa tunalala naye deka moja, yeye juu, mimi chini. Nikimwona anasoma naumia, nikimwona amelala naumia zaidi, maana anafaulu hata akilala. Siku hizi darasani sinyooshi mkono. Rafiki yangu alinitania, "jogoo wa shamba hawiki mjini." Nilicheka, lakini usiku nililia. Baba ameshawaambia watu kijijini kwamba mwanawe anasomea udaktari. Nafikiria kuhamia HGL (historia, jiografia na Kiingereza). Naomba uniambie ukweli: nilikuwa na akili kweli, au kule hakukuwa na wa kunishinda tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeomba ukweli, basi nauanza palepale ulipouliza. Ulikuwa na akili kweli. Na ni kweli vilevile kwamba kule hakukuwa na wengi wa kukushinda. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, na maumivu yako yote yametoka kwenye kudhani kwamba la pili limelifuta la kwanza.

Tuanze na hiyo 45 iliyokuliza. Mtihani wa kidato cha nne, C inaanzia 45 hadi 64. Kwa hiyo 45 yako, mwaka jana tu, ingeandikwa C. Kidato cha sita mambo ni mengine: C inaanzia 60, D inaanzia 50, na 40 hadi 49 ni E. Hata A imepanda, kutoka 75 kwenda 80. Umepanda ngazi, na rula waliyokupimia imebadilishwa ukiwa njiani, halafu ukasoma herufi mpya kwa macho ya zamani. Sisemi 45 ni nzuri. Ni ndogo, na tutaishughulikia. Nasema tu kwamba haikueleza habari uliyoisoma.

Nafasi ya 41 nayo ni vivyo hivyo. Fikiria jinsi darasa lenu lilivyopatikana. Wamechukuliwa wasichana 52, karibu kila mmoja alikuwa kinara mahali fulani: Kasulu, Nzega, Urambo, Kibondo, Mwanza mjini. Wamewekwa chumba kimoja, wakapewa karatasi moja. Lazima mmoja awe wa kwanza na mmoja awe wa 52, hata kama wote wangekuwa na akili za kutisha. Namba ya nafasi inaeleza zaidi waliokaa chumbani kuliko kilichomo kichwani mwako. Kesho wakija wengine kumi wenye alama kubwa utakuwa wa 51, na hutakuwa umesahau hata mstari mmoja wa kemia.

Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, alieleza kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha uwezo wake hujipima kwa watu walio karibu naye, hasa wanaofanana naye. Urefu una futi na uzito una mizani, lakini "mimi ni mwerevu kiasi gani" haina kilo, basi jicho linakwenda kitanda cha juu. Hilo halina aibu. Ndivyo kila binadamu anavyojipima.

Miaka ya 1980, Herbert Marsh, aliyefanya kazi yake nyingi huko Australia, akaonyesha kitu kinachokuhusu wewe moja kwa moja. Wachukue wanafunzi wawili wenye uwezo sawasawa. Mmoja mpeleke shule ya kawaida, mwingine mpeleke shule ya waliochujwa. Yule wa shule ya waliochujwa ataanza kujiona ana akili ndogo kuliko mwenzake, na uwezo wao ni uleule. Wakaliita jambo hilo samaki mkubwa kwenye bwawa dogo. Mwaka 2003 yeye na Kit-Tai Hau walichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya 100,000 wa miaka 15 katika nchi 26, na wakakuta jambo hilohilo. Kwa hiyo kabla hujapanda basi pale Kasulu, kabla hujamjua huyo wa kitanda cha juu, mtu anayezijua kazi hizi angeweza kukutabiria kwamba muhula wa kwanza utajiona mjinga. Hisia uliyo nayo inakueleza kwamba umehama bwawa. Haina namna ya kujua una mapezi ya aina gani.

Usije ukadhani, kwa hayo, kwamba miaka yako minne ya kuwa wa kwanza ilikuwa udanganyifu. Richard Murphy na Felix Weinhardt walichapisha mwaka 2020 utafiti wa wanafunzi zaidi ya milioni 2 wa Uingereza. Waliangalia watoto waliomaliza msingi na alama zinazolingana, ila mmoja alikuwa juu katika darasa lake na mwingine alikuwa chini katika darasa lake. Huko sekondari, kati ya watoto wapya wasiojua nani alikuwa wa ngapi, yule aliyezoea kuwa juu alifanya vizuri zaidi, na sehemu ya sababu ilikuwa kujiamini. Kasulu ilikupa kitu cha kweli, mwanangu. Ilikuzoesha kukaa mbele ya swali gumu ukiamini kwamba litafunguka. Usikitupe kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani.

Sasa nifike kwenye kilichonitia wasiwasi katika barua yako. Si nafasi ya 41, wala ile E. Ni yale maneno matano uliyoyapita haraka: "Siku hizi darasani sinyooshi mkono."

Ninyi wanafunzi mwenye akili nyingi mnamwita kipanga. Mimi nimekulia kijijini wilaya ya Urambo, nimefuga kuku, na namjua kipanga wa kweli. Akipita angani, ua mzima unanyamaza. Vifaranga chini ya mama yao, mitetea chini ya ghala, na jogoo mwenyewe kichakani, kimya. Hajapoteza sauti. Amejificha. Ukiichunguza vizuri ile methali uliyotaniwa, nayo haisemi jogoo wa shamba hana sauti. Inasema akifika mjini hawiki. Ni ugeni huo. Na madhara ya kujilinganisha yanaanzia hapohapo, kwenye kujificha, kwa sababu mwanafunzi asiyeuliza hasahihishwi, asiyesahihishwa anarudia kosa lilelile kwenye mtihani, kisha alama zinashuka kweli, naye anasema, "Si nilijua?" Hofu iliyoanza bila sababu imejitengenezea sababu.

Kuna utafiti mmoja ninaoukumbuka kila nikisoma barua kama yako. Todd Rogers na Avi Feller, mwaka 2016, waliandika kuhusu maelfu ya watu waliosoma kozi kwa intaneti na kutakiwa kusahihishiana insha. Kwa bahati tu, wengine waliangukiwa na insha nzuri mno za wenzao. Hao ndio waliokuwa wepesi zaidi wa kuacha kozi. Waliona kazi moja bora, wakadhani darasa zima linaandika vile, wakajiona hawastahili kuwapo. Nawe umemwangalia mmoja wa kitanda cha juu ukasahau kwamba hapo katikati wapo thelathini na tisa wengine ambao hata hujawatazama vizuri.

Na huyo wa kitanda cha juu, unamwona nini hasa? Unaona alama zake, na unamwona amelala. Nikusimulie kisa kimoja (nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasijulikane). Msichana mmoja alinijia akilia habari kama yako: mwenzake "anafaulu bila kusoma." Nikamwomba aje naye, na kila mmoja aje na daftari lake la mazoezi ya hesabu. Nikayaweka mezani, kushoto na kulia. La mgeni wangu lilikuwa safi kama shuka la hospitali: maswali machache, yote yamepigwa vema. La yule kipanga lilikuwa vita. Kurasa zimekatwa kwa kalamu nyekundu, swali moja limefanywa mara nne kwa siku nne tofauti, pembeni ameandika "nimekosea tena palepale," na ukurasa mmoja ulikuwa umechanika kwa kufutwafutwa. Mgeni wangu alifungua kurasa hizo polepole kwa dakika nyingi, hakusema neno. Kisha akauliza, "Haya ulikuwa unayafanya saa ngapi?" Mwenzake akajibu, "Asubuhi, kabla ya kengele. Wewe unakuwa umelala."

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wewe unaona jahazi likiwa majini. Ulipita pale karakana ikiwa imefungwa.

Jambo jingine hujaliandika, lakini nahisi lipo, maana linawapata wengi wanaotoka shule za kata. Angalia wanaoongea sana darasani. Wangapi wamesoma shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea? Wewe umesoma msingi kwa Kiswahili, nyumbani ni Kiha, na Kiingereza kimekuwa lugha ya masomo ulipofika kidato cha kwanza. Mwenzako akisimama akatiririka, wewe unasikia akili. Mara nyingi unachosikia ni miaka saba ya mazoezi ya lugha. Nimefundisha kemia miaka mingi kabla ya kuingia kwenye ushauri nasaha, na nimewaona waliojibu kwa ufasaha jibu lisilo sahihi, na nimewaona waliogugumia jibu sahihi wakakaa chini kwa aibu. Jifunze kuzitenganisha hizo mbili kila unapomsikiliza mtu: amesema vizuri, au amejua? Lugha yenyewe utaipata. Ina njia yake, ni ya kusoma na kuongea bila kuogopa kuchekwa, na kwa umri wako haichukui miaka saba.

Watu watakuambia, "Acha kujilinganisha na wenzako." Mimi sikuambii hivyo, maana haiwezekani. Orodha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na njaa inakupitisha hapo mara tatu kwa siku kwenda bwaloni. Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 liliacha kutaja shule kumi bora na watahiniwa kumi bora kitaifa, na mimi niliufurahia uamuzi huo kwa moyo wote. Natamani na ubao wenu ungewapa kila mmoja karatasi yake mkononi. Lakini mpaka siku hiyo ifike, utajilinganisha. Basi chagua mwenyewe nani, na katika nini.

Chagua aliye mbele yako hatua moja. Usimchukue wa kwanza. Mchukue wa 33, au wa 30, tena katika somo moja tu. Hart Blanton na wenzake walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa wanafunzi wa Uholanzi, wakaona kwamba wale waliopenda kujilinganisha na mwenzao anayewazidi kidogo walipandisha alama zao. Penelope Lockwood na Ziva Kunda nao, mwaka 1997, walionyesha kwamba mafanikio ya mtu mwingine hutupa nguvu pale tunapoona sisi wenyewe tunaweza kuyafikia; tukiona hayafikiki, huacha kututia moyo. Wa kitanda cha juu leo hii hakufai kwa kujipima. Anakufaa kwa kumuuliza.

Nilijifunza hili maabara, kabla sijalisoma mahali. Kwenye titresheni, lile jaribio la kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke, kuna wanafunzi wenye mkono wa kuzaliwa nao: bureta inadondosha, chupa inazungushwa, rangi ya njano inageuka ya chungwa, tone moja, wamefunga. Niliwahi kumweka binti mmoja mwoga karibu na mwanafunzi wa namna hiyo ili ajifunze. Hakujifunza kitu, alizidi kutetemeka. Wiki iliyofuata nikamweka na mwingine, ambaye mara ya kwanza alipitiliza, maji yakawa mekundu, akasema "aa!" kwa sauti, akamwaga, akaanza upya. Mara ya pili akashika koki kwa mkono wa kushoto, akazungusha chupa kwa wa kulia, na alipokaribia akawa anaachia tone, anasubiri, tone, anasubiri. Yule mwoga alikuwa ameinama macho yote kwenye ile koki. Zamu yake ilipofika akafanya hivyohivyo, mkono wa kushoto, tone, anasubiri. Baadaye nikakuta kwamba Dale Schunk huko Marekani, miaka ya 1980, aliona jambo hilo kwa watoto wanaohangaika na hesabu: waliomtazama mtoto mwenzao akihangaika kwanza kisha akifanikiwa walijiamini kuliko waliomtazama anayepatia tangu mwanzo. Hatujifunzi kwa anayeruka. Tunajifunza kwa anayepanda, tukaona mguu anauweka wapi.

Kwa hiyo wiki hii mtafute huyo wa hatua moja mbele kwenye fizikia, umwambie hivi: "Naomba unionyeshe ulivyolifanya swali la nne." Usimuulize amepata ngapi. Alama zake hazina faida kwako; hatua zake ndizo zinazoazimika.

Kisha nunua daftari dogo, la kurasa 32 linatosha. Albert Bandura, ambaye tangu mwaka 1977 aliandika sana kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake, alisema chanzo chake kikubwa kuliko vyote ni mambo ambayo mtu ameyafanya mwenyewe akayaweza. Sifa za baba zinasaidia, maneno yangu haya yanasaidia, lakini kidogo. Katika daftari hilo andika tu yale uliyokuwa huyawezi na sasa unayaweza, kwa tarehe. "Jumanne: swali la kitu kilichorushwa kwa pembe, nilikwama. Ijumaa: nimelimaliza bila kuangalia majibu." Usiandike "nimejitahidi." Usiandike nafasi yako. Siku orodha mpya itakapobandikwa, kabla hujaenda kuitazama, soma daftari hilo kwanza.

Kuhusu HGL nitakuwa mfupi. Kuhama tahasusi si dhambi, na historia si kimbilio la walioshindwa. Ina vipanga wake, nao watakuweka wa 41 vilevile. Kama unapenda historia na jiografia kuliko baiolojia, hama kwa furaha na umweleze baba. Kama unahama kuikimbia orodha, orodha ina miguu, itakufuata. Na kumbuka kwamba ukiacha PCB, mlango wa kwenda udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita unaufunga. Mwone mwalimu wa taaluma mapema umuulize mwisho wa kubadilisha ni lini, ili usiamue kwa hofu ya kuchelewa, na mpaka hapo fanya kazi ya kweli kwenye fizikia. Ukiona umefanya kazi hiyo na somo bado linakuchukiza, huo ni ushahidi wa kutosha. Mtihani mmoja wa kwanza hautoshi.

Baba yako. Najua uzito wa kutangazwa kijijini. Kila salamu inayotoka nyumbani inageuka deni. Lakini baba aliyewatembelea watu kuwaeleza habari zako ni baba anayekupenda kwa sauti. Usimfiche. Utakapopata simu, mwambie: "Baba, huku masomo ni magumu, nimeanza nyuma, nimepata 45 ya fizikia, na nina mpango." Hahitaji kuelezwa habari za rula na herufi. Mkulima anajua shamba jipya mwaka wa kwanza halitoi kama la zamani, na hajawahi kulihama kwa sababu hiyo.

Umesema ulilia usiku mmoja. Kulia hakunitishi. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa majuma, chakula hakipiti, au umeanza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usiningoje mimi. Siku hiyohiyo nenda kwa matroni au mwalimu wa malezi, au omba upelekwe hospitali ya mkoa, Kitete. Ukipata simu, namba 116 ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi hela.

Na darasani: usijilazimishe kunyoosha mkono ukiwa na jibu. Hilo litakuja. Kipindi kijacho cha fizikia nyoosha ukiwa na swali, moja tu, ulilolitayarisha wakati wa prepo na kuliandika kwenye karatasi ili sauti isikukatikie. Liwe dogo na la mahali mahususi: "Mwalimu, kwenye mstari wa tatu, hiyo alama ya kutoa imetoka wapi?" Kuna wenzako kadhaa humo darasani ambao nao hawajui imetoka wapi.